Masaa Nane Hadi Changsha

Saa mbili na dakika thelathini na moja asubuhi, Jumanne ya tarehe nne Novemba 2025, Agathe Nabintu alisukuma mlango wa barabarani wa jengo analoishi huko Kilburn, London, akamkuta mwanamume asiyemjua amelala chali chini ya ngazi. Damu ilikuwa inamtoka nyuma ya sikio la kushoto.

Agathe alikuwa anarudi kutoka kazini, ambako husafisha ofisi kuanzia saa kumi alfajiri. Aliuweka chini mfuko wa mkate, akapiga magoti na kumgusa yule mtu shingoni. Alikuwa hai. Agathe akaingiza mkono kwenye koti kutafuta simu, lakini kabla hajaitoa, gari la wagonjwa likasimama nje.

"Nani amewaita?" aliuliza kwa Kiingereza chake kidogo.

Mhudumu alimwambia kuwa mwanamume mmoja alipiga simu saa mbili na dakika ishirini na mbili. Hakutaja jina.

Polisi walipofika walikuta pochi ya majeruhi ikiwa mfukoni, simu na pasipoti pia. Sanduku lake la safari lilikuwa limefungwa; begi la mgongoni tu ndilo lililokuwa wazi. Ndani mlikuwa na pakiti ya majani ya chai, kitambaa cha hariri cha kijani, na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu: "Kwa Mama Agathe, mkononi mwake mwenyewe. Chai, kitambaa, barua." Chai ilikuwepo, na kitambaa pia. Barua haikuwepo.

Kwa mujibu wa pasipoti, mtu huyo alikuwa Ulrich Cirhuza, Mkongomani wa miaka thelathini na sita. Beji ya mkutano wa watafiti wa mpunga, uliokuwa uanze kesho yake, ilionyesha kwamba alitoka chuo kikuu kimoja katika mji wa Changsha, China. Alikuwa ametua London alfajiri hiyohiyo.

Kesi ilipewa Sajenti Lorraine Odera wa upelelezi. Lorraine alizaliwa London na wazazi Wakenya. Kiswahili alikisikia vizuri, lakini tangu utotoni alikuwa akikijibu kwa Kiingereza, na sheria ilitaka mahojiano yawe na mkalimani. Akamwita Mumbi Karuri.

Mumbi alikuwa mwanamke wa Nakuru, miaka arobaini na mbili, mwenye sauti ya chini na daftari lisilomtoka mkononi. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa ameajiriwa kwenye reli ya Nairobi na Mombasa, na kabla ya hapo alipelekwa China kusomea kazi hiyo miaka miwili.

"Jambo moja," Lorraine alimwambia kwenye korido. "Mama huyu anajua mgeni ametoka China, basi. Jina la mji lisitajwe kwa mtu yeyote. Tunalijua sisi na hospitali tu."

Mumbi akaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

Mahojiano yalianza saa tano kamili.

"Unamjua Ulrich Cirhuza?" Lorraine aliuliza, na Mumbi akatafsiri.

"Simjui. Jina ni la kwetu, la Bukavu. Lakini ile sura sijawahi kuiona."

"Nani angekuletea barua kutoka China?"

Agathe alitazama mikono yake, ambayo ngozi yake ilikuwa imekauka kwa dawa za kusafishia.

"Bwana yangu alikuwaka China," alisema. "Alikufa."

Akaeleza pole pole, Mumbi akimfuata sentensi kwa sentensi. Mume wake, Déogratias, alitoka Bukavu mwaka 2018 kwenda kufanya biashara Guangzhou. Mwaka uliofuata Agathe alikimbilia London. Hawakuonana tena. Kila Jumapili, yeye akitoka kanisani, walizungumza kwa simu. Deo huweka simu mezani, sauti juu, huku akipika. Mwanzoni mwa mwaka huu vita viliingia Bukavu, ndugu wa pande zote mbili wakatawanyika, simu zao zikafa. Mwezi Machi Deo akasema amepata kazi mji mwingine, atakuwa kimya siku chache mpaka apate laini mpya. Juma hilohilo simu ya Agathe ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia, ikafa na nambari zake.

"Nikangoja," alisema. "Aprili akafika Dieumerci. Ni rafiki ya Deo, walikaa chumba kimoja Guangzhou. Yeye ndiye alileta habari."

"Habari gani hasa?"

"Kwamba alimsindikiza Deo stesheni. Treni ya kasi, ya saa nne za usiku. Deo akapanda kitanda cha chini, akajifunika koti. Dieumerci akasimama nje ya dirisha mpaka treni ikaondoka. Saa kumi na mbili asubuhi, ilipofika, wakamkuta amepoa. Ni moyo. Wakamzika hukohuko. Lile dirisha ndilo linaniuma. Kila siku najiuliza kama aliangalia nje. Ningekuwa mimi ndiye nimesimama pale, angeangalia."

Mumbi alikuwa amefika kwenye neno "kitanda" ulimi ulipokwama. Lorraine akamtazama. Mumbi akatafsiri mpaka mwisho. Kulikuwa na kitu katika simulizi ile kisichokaa sawa, lakini mkalimani hakuitwa kusahihisha kilio cha mjane. Watu wenye huzuni huchanganya mambo. Aliandika mstari mmoja daftarini, akalifunga.

Saa nane mchana walimhoji Jitendra, mwenye jengo, ambaye alikuwa na duka la masanduku ya safari pale chini. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mzaliwa wa Kisumu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji. Mara mbili mwaka huu alikuwa amemwandikia Agathe ahame ili auze jengo.

"Sikumwona mtu yeyote," alisema kwa Kiingereza.

Lorraine akamgeuzia kompyuta. Kamera ya duka la mkabala ilimwonyesha Jitendra saa mbili na dakika tisa akimpigia kelele mtu mwenye begi mgongoni.

Mzee alishusha pumzi. Alipomwona Mumbi, akahamia Kiswahili. "Mama, mtu ameweka sanduku lake katikati ya mlango wa duka langu. Nikamwambia toa. Akatoa. Akaomba radhi vizuri kabisa. Ndiyo hiyo tu."

"Na mkono, mzee?" Mumbi alitafsiri swali la Lorraine.

"Kisu cha kufungulia maboksi. Jana. Kliniki wana karatasi yangu. Nilijua mtasema namfukuza mpangaji kwa fujo, ndiyo maana nilinyamaza."

"Ulisikia chochote kwenye ngazi?"

"Ukuta ule ni ubao mtupu, husikia kila kitu. Watu wawili wanazungumza. Kiswahili, lakini si cha kwetu Kisumu. Cha Kongo. Mmoja alisema, 'Nitamupa mwenyewe, mu mukono yake.' Alisema mara mbili. Yule mwingine hakuwa anagomba. Alikuwa anabembeleza, kama mtu anaomba maji. Halafu nikasikia kishindo."

"Saa ngapi?"

"Mbili na ishirini. Redio ilikuwa inasoma habari za barabara."

Karatasi ya kliniki ilipatikana. Lorraine akalifuta jina la Jitendra, akaandika la Eddie.

Eddie alikuwa mpangaji wa juu, Mkenya wa miaka thelathini na mbili, na kamera ilimwonyesha akitoka mbio saa mbili na dakika ishirini na moja, kofia ya koti imemfunika uso. Tangu hapo hakuonekana. Jumatano asubuhi alipatikana kwa jamaa zake Queensbury. Aliketi mbele ya Lorraine bila kuvua koti.

"Ulimsukuma?"

"Sikumgusa, mungu wangu. Nilikuwa ndani navaa viatu. Nikasikia kitu kimeanguka kama gunia, kisha mlango wa chini ukabamizwa. Nikatoka, nikamwona. Nikafikiri amekufa."

"Kwa nini ulikimbia?"

Eddie akamgeukia Mumbi, kana kwamba yeye ndiye atakayemhukumu. "Dada, visa yangu iliisha Agosti. Polisi wangefika wakaniuliza karatasi. Nilipiga simu ya ambulensi nikiwa kona, nikakata. Nimekaa siku nzima nikijiuliza kama yule mtu yuko hai."

"Yuko hai," Mumbi alisema kabla hajatafsiri chochote.

Eddie akaweka paji la uso mezani, akalia.

Nambari iliyoita gari la wagonjwa ilikuwa yake kweli. Waliobaki kwenye picha za kamera walikuwa watu wenye miavuli, maana mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna uso hata mmoja ulioonekana.

"Mkongomani," Lorraine alisema wakinywa kahawa ya mashine. "Anayejua kwamba barua inakuja. Lakini hata aliyeandikiwa barua hakujua."

"Nani bado hatujazungumza naye?"

"Huyo rafiki wa marehemu. Ameniambia atakuwa kwa Agathe kesho asubuhi. Tutamchukua maelezo hukohuko."

Alhamisi saa nne asubuhi walipanda zile ngazi. Chumba cha Agathe kilikuwa kidogo na safi mno. Ukutani palikuwa na picha ya Deo katika fremu, na utepe mweusi umepita kwenye pembe moja.

Dieumerci Bisimwa alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliishi Southall na kufanya kazi zamu ya mchana kwenye kiwanda cha mikate. Aliwasalimia kwa mikono miwili, akawavutia viti, akamwekea Agathe mto mgongoni kabla yeye mwenyewe hajaketi. Mumbi aliona jinsi alivyomtazama Agathe, akajua bila kuambiwa.

"Amenisaidia sana," Agathe alisema. "Matanga yote ni yeye alisimamia. Sasa ameniomba tufunge ndoa. Nimemwambia nitamjibu Krismasi."

Lorraine alianza. Mumbi alitafsiri.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Southall. Nililala mpaka saa tatu."

"Kuna aliyekuona?"

"Naishi peke yangu, madame."

"Ulijua kwamba Mama Agathe atapata mgeni?"

"Hapana. Na huyo mtu simjui."

"Bado hajazinduka," Lorraine alisema. "Tunachojua ni kwamba ametoka China."

Dieumerci alitikisa kichwa, akatazama sakafu.

"Maskini," alisema. "Na ile safari ilivyo. Masaa mawili na nusu ya treni mpaka Guangzhou, halafu ndege zaidi ya masaa kumi na mbili, afike hapa aangukie ngazi."

Mumbi alitafsiri neno kwa neno, bila kubadili sauti. Kisha akamwambia Lorraine kwa Kiingereza, "Naomba niulize swali langu mwenyewe. Likiwa baya, nitoe."

Lorraine alimtazama. Alikuwa amekwisha kuelewa nusu yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Kaka Dieumerci," Mumbi alisema, "treni kutoka wapi?"

"Vipi?"

"Umesema masaa mawili na nusu ya treni mpaka Guangzhou. Kutoka wapi?"

"Si huko anakoishi."

"Anaishi wapi?"

"Changsha. Si mmesema wenyewe?"

"Tumesema China."

Dieumerci akamtazama Agathe. "Labda Agathe ndiye..."

"Mimi sijui anatoka wapi," Agathe alisema. "Hawajaniambia."

"Basi nimekisia. Kwa sababu Deo alikuwa anaenda huko."

"Sawa," Mumbi alisema. "Tuache mji. Tuje kwenye masaa. Mimi nimeishi China miaka miwili, kaka, na kazi yangu ilikuwa treni. Kati ya Guangzhou na Changsha unachagua moja katika mbili. Kuna ya kasi, zile zenye herufi G. Zinatumia masaa mawili na nusu hivi, kama ulivyosema, na ndani yake ni viti tu. Mtu akipanda saa nne usiku, kabla ya saa saba ameshafika. Halafu kuna ya kawaida, inayosimama njiani. Hiyo ndiyo yenye vitanda, na ndiyo inayotumia masaa saba, nane, hata tisa. Umenifuata?"

Dieumerci aliokota ganda la ndizi mezani, akalirudisha.

"Ulimwambia Mama Agathe kwamba Deo alipanda ya kasi saa nne usiku, akalala kitandani, akafika saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni masaa nane. Umemchukua abiria wa treni moja ukamlaza kwenye nyingine. Na dirisha, kaka. Anayesindikiza haruhusiwi kufika kwenye treni. Mwenye tiketi na pasipoti ndiye anapita. Wewe hukusimama nje ya dirisha lolote."

Mumbi alirudi kwenye daftari lake. Alikuwa amezungumza zaidi ya ilivyompasa.

Agathe alikuwa ameinuka. Hakupaza sauti.

"Dieumerci. Deo alikufa kwenye treni gani?"

"Agathe, keti."

"Ile ya kasi, ao ile ya vitanda? Uliniambia alijifunika koti. Uliniambia koti ile alikuwa nayo tangu Bukavu. Alikufa kwenye treni gani?"

Dieumerci aliitazama picha ukutani, kisha mlango, kisha maganda ya ndizi kwenye meza.

"Hakufa."

Agathe alishika ukingo wa kiti.

"Sema tena," alisema.

"Hakufa. Yuko Changsha. Ni mzima."

Lorraine alimsomea haki zake pale pale, kwa Kiingereza, na Mumbi akazirudia kwa Kiswahili: anaweza kunyamaza, na wakili atapewa. Dieumerci alitikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Nimenyamaza miezi saba, inatosha," alisema. "Huyo Ulrich alinipigia Jumanne akiwa uwanja wa ndege. Deo alimpa nambari yangu, akikosa nyumba aniulize. Anwani haikuwa na nambari ya mlango. Aliniambia, nina barua ya Deo, mkubwa, nielekeze. Nikamwelekeza. Kisha nikachukua treni nikaja."

"Ulikuja kufanya nini?" Lorraine aliuliza.

"Kumwomba. Nilimkuta kwenye ngazi. Nikamwambia mimi ni ndugu ya nyumba, nipe iyo barua, nitampa. Akakataa. Nikamwomba tena. Nikashika begi, akavuta, mvua ilikuwa imelowesha ngazi. Akaanguka." Akafunga macho. "Ningeita ambulensi. Badala yake nilichukua barua. Hiyo ndiyo mimi."

"Kwa nini?" Swali hili lilikuwa la Agathe. "Deo alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Alinipa nusu ya chumba chake." Dieumerci alimgeukia. "Miaka mitano, Agathe. Kila Jumapili aliweka simu mezani, sauti juu. Wewe unasema habari za kanisa, habari za baridi, unacheka. Chumba chote kinajaa. Mimi nimelala kwenye godoro langu, nimegeukia ukuta, najifanya nimesinzia. Sikuwa na mtu duniani wa kunipigia. Nilikuwa nangoja Jumapili kuliko yeye. Alikuwa anakata simu anaenda kula, mimi naendelea kukusikia mpaka Jumatano."

Akapangusa uso kwa kiganja, akaendelea.

"Deo alipofika Changsha alinipigia, akaniambia, ukifika London mtafute mke wangu, mwambie simu yangu ya zamani imeibwa, mpe nambari mpya. Niliiandika kwenye karatasi. Nilikuja mpaka kwenye mlango huu na ile karatasi mkononi. Ukafungua. Ukauliza, 'Deo yuko wapi?' Na mdomo wangu ukasema amekufa. Sikupanga. Hata zile habari za treni nilizitunga nikiwa nimeketi kwenye kiti hiki, wewe unalia."

"Na yeye? Ulimwambia nini juu yangu?"

"Nilimwambia umeolewa. Kwamba umesema asikupigie."

Agathe alimsogelea mpaka akawa mbele yake kabisa. Mumbi alifikiri atampiga.

"Ulinishika mkono nikimlilia mtu mzima," alisema. "Ulikula kwenye meza yangu siku ya matanga. Nilikuwa nakuombea, Dieumerci. Usiku nilikuwa namwambia Mungu aksanti kwa ajili yako." Akanyoosha kiganja. "Barua."

Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Dieumerci. Hakuwa ameichana wala kuichoma. Bahasha ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu, na karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo ikawa laini. Lorraine aliipokea kwa glavu, akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi. Kisha, jambo ambalo halimo katika taratibu zozote, aliuweka ule mfuko mezani mbele ya Agathe, akaulaza vizuri ili maandishi yasomeke.

Agathe alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari juu ya plastiki.

"Agathe. Dieumerci ameniambia uko na mtu mwingine na hutaki nikupigie. Siamini, lakini kutoamini peke yake hakunipi usingizi. Kama ni kweli, mwambie Ulrich, nami nitanyamaza. Kama si kweli, njoo. Kutoka Guangzhou mpaka huku kuna treni mbili. Ya kasi ni masaa mawili na dakika kidogo. Ni safi, haitikisiki, unafika kabla hujamaliza kuuliza habari za watu wa nyumbani. Ya kawaida ni masaa nane, inasimama kila mahali, watu wanakula mbegu za alizeti na kulala. Ukitaka nikungoje Changsha, panda ya kasi. Ukitaka nije kukupokea Guangzhou, nitakata tiketi mbili za ile ya polepole, kwa sababu miaka saba haiingii kwenye masaa mawili. Nambari yangu ni hii hapa chini. Deo."

Dieumerci alikuwa anasikiliza macho yamefumba, midomo ikienda pamoja na maneno. Alikuwa ameihifadhi moyoni yote.

Maaskari wawili walimchukua saa tano kasorobo. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, lakini Agathe alikuwa amempa mgongo, anabonyeza nambari kwenye simu ya Mumbi, akizitazama moja moja kwenye plastiki. China ilikuwa jioni, watu wanakula.

Simu iliita mara nne.

"Wei?" ilisema sauti ya mwanamume, kwa Kichina.

Agathe alikaza simu sikioni kwa mikono miwili. Ile sauti ikarudia, "Wei?" kisha, kwa Kiswahili, taratibu sana, "Ni nani?"

"Sikuolewa," Agathe alisema.

Mumbi na Lorraine walitoka nje wakafunga mlango. Walikaa kwenye ngazi. Lorraine alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwambia Mumbi kitu kwa Kiswahili.

"Mama yangu," alisema, akitafuta maneno, "angependa kusikia hii."

Ulrich Cirhuza alizinduka Ijumaa. Alimtambua Dieumerci kwenye picha, na simu yake, ambayo polisi hawakuweza kuifungua bila yeye, ilikuwa na rekodi ya ile simu ya uwanja wa ndege, ya dakika sita. Mkutano wa mpunga ulimpita. Dieumerci alikiri mahakamani mwezi Januari, akafungwa. Hakuomba kupunguziwa adhabu. Eddie alipata wakili wa bure, na barua ya Lorraine ikieleza kwamba simu yake ndiyo iliyomwokoa majeruhi. Kesi yake bado inasubiri. Jitendra ameahirisha kuuza jengo. Anasema ni kwa sababu ya bei.

Agathe alihangaikia visa miezi mitano. Aliondoka London mwishoni mwa Aprili na sanduku jipya alilopewa na Jitendra, na Mumbi ndiye aliyemsindikiza mpaka pale ambapo asiye na tiketi hawezi kupita. Deo alimpokea Guangzhou. Walipanda treni ya kawaida ya saa tatu asubuhi, viti viwili vya dirishani.

Siku iliyofuata Mumbi alipigiwa simu akiwa kwenye basi.

"Dada Mumbi," Agathe alisema. Nyuma yake mtu alikuwa anagonga sufuria na kuimba vibaya. "Tumefika."

"Masaa nane yalitosha?"

Agathe alicheka. Mumbi hakuwahi kumsikia akicheka, na kwa dakika moja alielewa jinsi chumba kinavyoweza kujaa.

"Saa nzima ya kwanza hatukusema kitu," Agathe alisema. "Kisha tukaanza na siku aliyotoka Bukavu. Treni inaingia Changsha, ndiyo kwanza tuko mwaka wa elfu mbili ishirini na moja."